Kitovu cha Mzee wa Chupa

Wanafunzi wapya walimdhania mlevi, na kosa ni la jina lenyewe. Mtu akiitwa Mzee wa Chupa, wewe ungemfikiriaje? Kumbe maskini wa Mungu pombe hakuijua hata harufu. Chupa zake zilikuwa za kioo, za midomo mipana, zimepangwa kwenye rafu za maabara ya chuo, na ndani yake walilala papa wachanga waliolowekwa dawa wasioze. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mtunza maabara. Alizifuta vumbi, aliziongezea dawa, alibeba ndoo na matangi ya kioo ambayo vijana wenye misuli waliyakimbia. Mizigo hiyo ilimwachia zawadi tumboni, nitakuja kukwambia.

Kila mwaka, siku ya somo la papa, mwalimu wa baiolojia alimtaka asimame karibu na meza. Mwalimu huyo alikuwa mama mwembamba mwenye sauti ya kuamsha waliolala, na maneno yake Mzee wa Chupa alikuwa ameyahifadhi kichwani yote.

"Mnamwogopa bure, huyu ni jamaa yenu," mwalimu alianza, kisu mkononi. "Ini hili hapa, nanyi mnalo. Kongosho, wengu, mnavyo. Ndani ya sikio ana mifereji mitatu ya kumsaidia asipepesuke, nanyi mnayo hiyo hiyo mitatu, ndiyo maana mkizunguka sana mnaanguka. Na mlipokuwa tumboni mwa mama zenu, wadogo kama punje ya maharage, shingoni mlikuwa na mikunjo kama yake. Kwake ikawa taya na matamvua ya kupumulia. Kwenu ikawa taya na koo, hilo koo mnalolitumia kupiga kelele darasani kwangu."

Kisha aliinua chupa namba nne. "Papa wengine hutaga mayai. Huyu hakutagwa. Alilishwa kwa kamba tumboni, kama nyinyi. Tazameni kifuani, kati ya mapezi. Hicho ni nini?"

Mmoja akathubutu: "Kitovu?" Wote wakaangua kicheko.

"Chekeni tu. Ni kitovu. Ila yeye akikua kovu hufutika, usilione tena. Chenu hakifutiki."

Kila mwaka, hapo hapo, Mzee wa Chupa alipitisha mkono tumboni, juu ya koti la kazi, haraka, kama mtu anayejikuna. Hakuna aliyewahi kumwona.

Sasa sikiliza jambo ambalo chuo kizima hakikulijua. Mtu huyu hakuwa na ndugu. Sisemi kwamba waligombana, au wako mbali. Hakuwa nao kabisa. Aliokotwa. Asubuhi moja mfagizi wa zahanati alimkuta juu ya benchi, kavingirishwa taulo, kitovu kibichi kimefungwa kwa uzi mweusi wa kushonea nguo. Mlezi wa kituo cha watoto alimweleza alipofikisha miaka minane. "Aliyekufunga hakuwa mkunga," alimwambia. "Uzi wenyewe ulikaa upande. Lakini alipiga mafundo matatu, mwanangu, asije akakupoteza kwa damu."

Taulo lilichakaa likatupwa. Uzi ulidondoka pamoja na kile kipande kikavu. Katika faili lake waliandika, "Mama: hajulikani." Kilichobaki cha mama yake duniani kilikuwa hicho kitovu, kimechomoza kidogo, kimepinda upande. Ndiyo maana kila papa mchanga wa maabara alikuwa na kibati chenye namba ya mama yake, kimefungwa shingoni kwa uzi mweusi, mafundo matatu. Wanafunzi walidhani ni utaratibu wa kisayansi.

Je, angewaambia watu habari hizo? Thubutu! Miaka kumi na tisa iliyopita, Mama Chai alipoanza kuuza chai nyuma ya maabara, alimwuliza likizo anakwenda wapi. "Nyumbani," akajibu. "Kwa nani?" Ulimi ukateleza: "Kwa ndugu zangu saba." Basi, akawa amejifunga kitanzi mwenyewe. Kila mwaka wale saba walidaiwa habari mpya. Kaka mkubwa akajenga. Mdogo wa mwisho akaoa, akaacha, akaoa tena. Mama Chai alimpenda zaidi dada anayefuga kuku, na Mzee wa Chupa alipiga chuku mpaka kuku wakafika mia mbili.

Na ukweli? Likizo alijifungia chumbani wiki mbili nzima, madirisha yamefungwa, redio ameishusha mpaka inanong'ona, na mkate akanunua mtaa wa tatu asije akakutana na mtu wa chuo. Alihesabu nyufa za dari. Siku nyingine alijikuta amemaliza siku bila kutamka hata neno moja, akasema "haya" kwa sauti ili ajue kama koo bado linafanya kazi. Siku ya kurudi alinunua karanga, akampelekea Mama Chai. "Salamu za nyumbani," alisema, na mama wa watu akashukuru.

Mwaka huu kitovu kikavimba. Akikohoa kinatoka kama yai, akiinua ndoo anaona nyota. Daktari wa upasuaji alikibonyeza, akatikisa kichwa. "Ngiri ya kitovu, mzee. Utumbo ukinasa humu utatupa kazi nyingine. Uje Alhamisi asubuhi. Na ngozi imechoka hii, huenda tukakiondoa kitovu chenyewe ndipo tushone vizuri."

"Kisiondoke," alisema Mzee wa Chupa.

Daktari akacheka. "Uzee huu, kitovu cha nini? Unakwenda kuogelea?"

"Kisiondoke, daktari. Nakuomba."

"Basi njoo na ndugu. Bila ndugu tutaamua wenyewe. Wewe utakuwa umelala, na tukifika hapo pa kuamua tutatoka kumwuliza yeye. Umechagua mtu atakayekusemea?"

Akasema anao. Wako saba, akasema! Uongo ulikuwa umeshamzoea mdomo.

Akatoka pale. Nani atakaa nje ya mlango huo aseme kitovu kibaki? Alimjaribu jirani wa ukuta mmoja, mtu ambaye alimjua mpaka kikohozi chake. Jirani alimtazama juu mpaka chini. "Kwani wewe huna watu?" aliuliza. Hakuwa na ubaya, aliuliza tu kama mtu anayeuliza saa. Mzee wa Chupa akasema anao, samahani kwa usumbufu, akaingia ndani akakaa kitandani na viatu vyake mpaka giza lilipoingia.

Jumatano saa nne alikwenda kwa Mama Chai, amepiga moyo konde. Akamweleza habari za upasuaji. Kabla hajafika penyewe, Mama Chai akapiga makofi.

"Afadhali wewe una ndugu saba! Wenzako huko wanakwenda peke yao. Atakuja nani, kaka mkubwa?"

Mzee wa Chupa akalipia chai. Akachukua kikombe, akarudi nacho maabara, akakaa kwenye kiti chake mbele ya rafu. Papa wachanga wakamtazama kwa macho yao meupe, kila mmoja na mama yake shingoni. Chai ikapoa. Aliona uchungu, tena uchungu wa kweli, kwa sababu kesho watamwondolea kile kitu kimoja na atatoka hapo kama papa mkubwa, laini kifuani, asiyeweza kuonyesha kwamba aliwahi kubebwa na mtu. Au asiende kabisa, utumbo unase, afe nacho. Hilo nalo alilipima.

Lakini kikombe ni cha watu, lazima kirudishwe. Alimkuta Mama Chai ameinama anaosha vyombo, amempa mgongo, na pengine ule mgongo ndio uliomsaidia. Akaumwagia yote. Benchi la zahanati, taulo, uzi, mafundo matatu. Kwamba hakuna kaka mkubwa. Kwamba hakuna kuku hata mmoja.

Mama Chai hakugeuka. Alisuuza kikombe, akakifuta, akakifuta tena.

"Karanga za nyumbani kwenu," alisema hatimaye, "zilifungwa kwenye karatasi za mtihani za chuo hiki, mzee wangu. Mwaka wa kwanza tu nilijua. Ya kwangu ilikuwa na swali la tatu."

Uso ukamshuka Mzee wa Chupa. "Miaka yote hiyo? Na hukusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa unarudi likizo umekonda. Nikajua huko uendako hakuna anayekupikia. Nikikuuliza habari za kuku angalau unacheka." Akageuka sasa, macho yamejaa, lakini ulimi ule ule. "Tena mia mbili! Hukuona hata haya kidogo. Saa ngapi kesho?"

Alhamisi walifika mapema. Muuguzi alikuwa na fomu yake, kalamu imesimama kwenye mstari. "Mama, wewe ni nani wake?"

"Dada yake," alisema Mama Chai. "Yule anayefuga kuku."

"Sijauliza kuku, mama."

"Nakueleza ili usinichanganye na wengine."

Akaweka sahihi. Daktari alipopita alimshika mkono wa koti. "Kitovu cha kaka yangu kibaki. Mkikwama njooni hapa mniulize mimi. Nipo kwenye benchi hili, siendi popote." Mzee wa Chupa alisikia hayo akiwa juu ya kitanda cha magurudumu, anasukumwa, na mlango ukafungwa.

Alipozinduka mdomo ulikuwa mkavu na dari haikuwa ya chumbani kwake. Mkono ukaenda tumboni kabla ya macho kufunguka vizuri. Ukakuta bandeji nene. Akapapasa, akapapasa, hakuhisi kitu, machozi yakaanza kumtoka pembeni kuelekea masikioni.

"Acha kupapasa, utajitonesha," sauti ilisema kutoka kwenye kiti. "Kipo."

Mkono ukatulia juu ya bandeji.

"Walitoka kuniuliza. Daktari akasema kukiacha kutamchukua muda. Nikamwambia muda ninao. Akanuna, akarudi ndani. Kimepinda vile vile, kasema mwenyewe ameshindwa kukinyoosha."

Mzee wa Chupa aliutoa mkono kwenye bandeji, taratibu, akauacha juu ya shuka.

"Na kuku?" aliuliza.

"Hawajambo," alisema dada yake. "Wanakusalimia."