Bahasha Kutoka Katmandu

Pacifique alikuwa mtu wa kutoamini. Alimwamini Mungu, lakini hata Mungu alikuwa anamuuliza mara mbili. Alikuwa mkimbizi kutoka Uvira, shule aliiacha mwaka wa pili wa sekondari, na huo mwaka wa 2017 alikuwa ametimiza miaka mitano mlangoni mwa jengo moja la ghorofa tisa pale Berea. Kiti cha plastiki, yunifomu ya security, na daftari kubwa la kuandika nani kaingia, nani katoka. Hata pasta wake mwenyewe akija kumtembelea, aliandikishwa.

Alikuwa na sababu zake. Kule nyumbani, kaka yake Cédric aliahidiwa bourse, ufadhili wa kusoma Ulaya. Akaja mtu wa suti, akakusanya diplome za vijana kumi na wawili, zile zenyewe, si kopi, akapotea nazo. Mpaka leo Cédric anaendesha pikipiki, hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba alimaliza shule. Halafu hapa Berea, mwaka wake wa kwanza kazini, Pacifique alimpokelea mpangaji kifurushi. Polisi wakaja nyuma ya kifurushi. Ndani kulikuwa na unga, na si wa kupika. Akalala selo siku mbili. Kutoka hapo akajiwekea sheria: kitu hakipandi lifti mpaka ajue kina nini ndani.

Sasa ghorofa ya sita aliishi kijana wa Nepal, Kushal, muuza simu kwenye duka moja la Fordsburg. Digrii ya ujenzi alikuwa nayo. Tetemeko la 2015 liliangusha nyumba ya kwao, bibi yake akiwa ndani, na tangu hapo alichotaka ni kimoja: kwenda Ujerumani kusoma masters, ajifunze kujenga nyumba ambazo haziwaangukii watu. Akaomba ufadhili, akabaki kwenye majina ya mwisho.

"Nani anakulipia?" Pacifique alimuuliza, kwa Kiingereza chao cha kuokoteza.

"Serikali yao."

"Na chumba?"

"Na chumba."

"Na chakula? Na ndege?"

"Vyote."

"Na wao wanapata nini?"

Kushal akacheka, akainua mabega. Hapo ndipo alipojiharibia. Kwa Pacifique, mtu anayecheka swali kama hilo ana jambo.

Jumanne asubuhi kijana wa posta akaleta bahasha ya Kushal, nene, kutoka Katmandu. Mwenyewe yuko kazini. Pacifique akaipima mkononi, akaigeuza, akainusa.

"Baba Victoire, umekuwa mbwa wa airport?" Alikuwa Mama Lerato, jina lake Perpetua, wa ghorofa ya kwanza, akimwita Pacifique kwa jina la binti yake. Huyu ni Mtanzania wa Morogoro. Aliolewa na mkimbizi wa siasa wa hapa, akarudi naye ubaguzi wa rangi ulipokwisha.

"Mama Lerato, gusa. Juu ya nini iko nene hivi? Na angalia, wamegonga mihuri pale inapofungwa, wametia sahihi, wametia na selotepu. Batu ba haki banaficha nini?"

"Wanaficha yao. Mpe mwenyewe."

"Polisi wakikuja, watamushika mwenyewe? Watanishika miye!"

"Haya. Mimi simo."

Pacifique akaichana kwa ncha ya ufunguo. Karatasi tu. Nyingine zilikuwa na maandishi yanayoning'inia kwenye mstari kama nguo kwenye kamba, na hayo yakamtia wasiwasi zaidi. Akazirudisha, akabandika selotepu yake.

Kushal aliporudi jioni, hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi, bahasha magotini. Heri angepiga kelele.

"Hizi ni alama zangu za chuo," alisema. "Chuo kinafunga, ofisi ya ufadhili inafungua. Ikifunguliwa njiani, inahesabiwa feki. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa. Kuleta nyingine ni wiki tatu."

Pacifique akaitazama selotepu yake. Kumbe na wale watu wa vya bure hawamwamini mtu.

Kushal akawaandikia usiku huohuo. Jumatano wakajibu: tuma hiyohiyo, chuo kilete nyingine moja kwa moja kwetu, lakini aliyefungua aape mbele ya polisi kwa maandishi kwamba ni yeye.

"Eish. Polisi?" Pacifique aliirudia ile email kwenye simu ya Kushal. Jina lake, kosa lake, muhuri wa polisi. Mtego unakuwaje tena? Na karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa imebakiza siku kumi na moja iishe muda.

"Kufungua ulikuwa simba," alisema Mama Lerato, "kuapa umekuwa kuku?"

"Wakinishika, Victoire atapelekwa shule na nani?"

"Na mimi. Haya, sababu nyingine?"

Pacifique alimfikiria yule mtu wa suti aliyeondoka na diplome za Uvira. Safari hii mtu wa suti alikuwa nani? Akaitazama yunifomu yake, akaona aibu.

Alhamisi mchana akapanga foleni kituoni, Kushal nyuma yake. Polisi wa kaunta, mama mnene mwenye miwani, akasoma kile kiapo, akasoma karatasi ya ukimbizi, akamwangalia.

"Wewe security, unafungua posta za watu?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Inua mkono wa kulia." Akagonga muhuri. Pacifique hakuondoka kaunta mpaka alipohakikisha tarehe imetoka sawa. Saa tisa bahasha ikaondoka.

Julai jibu likaja: Kushal kapata.

Aliondoka Jumamosi moja ya Septemba na sanduku moja. Pale mlangoni wakashikana mikono.

"Barua zangu zikija," Kushal alisema kwa adabu, bila kumtazama usoni, "nimewaambia watu wa posta wampe Mama Lerato."

"Sharp, sawa," alisema Pacifique, akamshikia geti. Hakukasirika. Angekuwa yeye, angefanya hivyohivyo.