Ndoa ya Shangazi Zuwena kwa Kiingereza

Juzi nilipita kwenye duka la mabegi pale Darajani, harufu ya plastiki mpya iliyochanganyika na kafuri ikanipanda puani, nikakasirika papo hapo. Muuzaji alidhani nimechukia bei, akaipunguza. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba harufu hiyo nililala nayo utoto wangu karibu wote, na kwamba mpaka leo ikinifikia natamani kugombana na mtu?

Tulikaa Mkunazini, ghorofa ya juu: bibi, wazazi wangu, mimi, na shangazi Zuwena, mdogo wake baba, ambaye nilikuwa nikilala naye kitanda kimoja. Nilikuwa bado mdogo alipoozwa kwa Nassor, kijana wa Fumba aliyekuwa akifanya kazi Maskati. Wanaume walikwenda msikitini, sisi tukabaki juu na vigelegele, halua ikaliwa, na kesho yake bwana akapanda ndege kurudi kazini. Ilikuwa ndoa tu. Harusi yenyewe, ya kumpeleka mke kwa mumewe, ingefuata nyumba ya Fumba ikimalizika.

Alichotuachia ni sanduku jekundu la bi harusi, lenye nguo, manukato na viatu vyeupe vya kisigino. Halikuwa la kufunguliwa mpaka siku ya harusi, kwa hiyo lilikaa ubavuni mwa kitanda chetu na kafuri yake. Tukifagia tulilisogeza, tukimaliza tulilirudisha. Kila tulipouliza nyumba imefika wapi, tuliambiwa imefika kwenye linta, juu ya madirisha. Mimi nilipanda darasa baada ya darasa, nyumba haikupanda hata tofali.

Sasa skuli tulikuwa na mwalimu wa Kiingereza, Mwalimu Agnesi, mwenyeji wa Tabora, mwanamke asiyecheka ovyo. Siku moja akaandika ubaoni neno matrimony. Ni ndoa, alisema, lakini si ya kutajwa sokoni. Ni neno la heshima, la kanisani na mahakamani, linatolewa kama vyombo vya kabatini wakija wageni. Maana yake ni ile hali ya mume na mke kuishi pamoja katika ndoa. Kisha akataka kila mmoja wetu atoe sentensi ya kweli, ya kwao.

Nilisimama kwa mbwembwe. Nikasema, kwa Kiingereza nilichokipanga vizuri, kwamba shangazi yangu yumo katika matrimony na analala kitanda kimoja na mimi. Darasa zima likaangua kicheko.

"Kaa chini," akasema Mwalimu Agnesi. "Hiyo haina maana."

Nikakaa nimevimba. Neno lilikuwa mahali pake na habari ilikuwa ya kweli, alitaka nini zaidi?

Wiki hiyo hiyo Zuwena aliitwa na skuli moja ya chekechea huko Mtoni, akafundishe watoto. Hakuna kitu alichokitaka kama hicho. Nyimbo zote alikuwa amenifanyia majaribio mimi, mpaka nikizisikia nasinzia. Lakini bibi alisema mke wa mtu haendi kazini bila ruhusa ya mumewe, na mumewe, kwa simu kutoka Maskati, alisema asubiri kwanza. Skuli nayo ikasema itamngoja mpaka Jumatatu.

Nikaona hapa ndipo elimu inapohitajika. Nikamfuata bibi, aliyekuwa akichambua mchele.

"Bibi, mwalimu kasema ndoa ni watu kuishi pamoja. Ami Nassor haishi na shangazi. Sasa ruhusa ya nini?"

Bibi hakuinua macho. "Huyo mwalimu wako ndiye alotoa mahari?"

"Hapana, bibi."

"Basi mwambie na yeye asubiri."

Ijumaa simu ikalia, nikaiwahi mimi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Shangazi yako yuko wapi?"

"Yupo, anaanua nguo. Ami, unakuja lini?"

"Nyumba ikisha."

"Nyumba iko kwenye linta. Basi si umwache akafundishe? Jioni atarudi kulala na mimi, kama siku zote."

Akasema, "Mpe simu shangazi yako."

Zuwena alisikiliza, akajibu naam, naam, akaiweka simu mezani na kurudi kwenye nguo zake. Jumatatu nafasi ikapewa mtu mwingine. Nililia mimi kuliko yeye, na watu wazima wakaniambia mambo haya nitayaelewa nikikua.

Nilikuwa nshaingia sekondari talaka ilipokuja, nayo kwa simu; Nassor alikuwa ameoa huko huko. Nilijua mwanamke akiachwa hukaa eda, siku za kutulia ndani kabla ya kuruhusiwa kuolewa tena, nikamwuliza bibi ya Zuwena itaisha lini.

"Hana eda," alinijibu. "Shehe kasema hawakupata kuishi pamoja."

Niliyarudia maneno hayo kichwani, nikamtazama bibi usoni, naye akageuza macho. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku ile ya mchele sikuwa nimemfundisha kitu. Alikuwa akijua, na baba alikuwa akijua, wote wakaogopa aibu ya kudai talaka kuliko walivyomhurumia mtoto wao.

Jioni ile Zuwena alilifungua sanduku, akavaa viatu vyeupe, akatembea kuelekea mlangoni. Soli zilikuwa zimeoza kwa kukaa, zikabaki nyuma yake vipande vipande. Alicheka sana. Mimi sikucheka. Mtoni alikwenda tena kuomba, wakamwambia siku hizi wanataka cheti.

Mwalimu Agnesi nilimnunia mwaka mzima kwa kuniambia haina maana. Katika watu wazima wote wa miaka ile, ni yeye peke yake aliyelisema hilo kwa sauti.