Chambo Nilichomuuzia Mzee Gachanja

Nakushukuru, Mungu wangu, uliyeyaumba maji kabla hujaniumba mimi, na ukanilisha katika nchi ambamo sikuzaliwa. Nijalie niyaseme haya bila kuongeza chumvi, na hasira iliyomo isinizidi.

Siku yangu ya kwanza katika duka la vifaa vya uvuvi, mjini Saint Paul, Marekani, miaka ya tisini ikianza, msimamizi wa kaunta aliniongoza hadi kwenye karai la maji na barafu. Akaniambia nitumbukize mkono. Vidole vilipoingia ganzi akaniuliza kama ningependa kukimbiza chakula. Nikasema hapana.

"Basi na trauti hapendi," akasema. "Toa mkono, uanze kazi."

Hilo ndilo lililokuwa somo lote la majira ya kuchipua. Theluji ikiyeyuka, trauti wa kahawia, samaki wa mito ya maji baridi, hulala chini, nyuma ya jiwe au kando ya ukingo, na hafuati kitu kinachompita mbio. Chambo bandia cha wakati huo kiwe kidogo na kizito, kizame upesi, kivutwe polepole. Sisi tulipenda kile chenye kibati kinachozunguka: cha shaba maji yakiwa na tope, cheusi yakiwa maangavu. Kabla ya kufungua kabati tulimuuliza mteja maswali matatu: unakwenda mto gani, maji yana rangi gani, na umeyagusa? Asiyeyagusa tulimpa kidogo cha shaba, tukamwombea heri.

Niliipenda kazi hiyo. Nilikuwa mwalimu wa katekisimu huko Nyeri, na kuuliza watu maswali nilikuwa nimekuzoea.

Mwaka wa tatu akaja meneja mpya. Alikuwa ameagiza masanduku kwa masanduku ya samaki wa plastiki, warefu kama kiganja, rangi ya chungwa na kijani, wenye ndoana za pembe tatu tumboni na mkiani. Vilikuwa vyambo vya samaki wakubwa wa ziwani. Akaamuru kila mteja apewe hivyo, hata wa mtoni, na vile vya shaba virudishwe stoo. Msimamizi wa kaunta alipopinga, aliambiwa anyamaze. Mimi sikupinga. Nilikuwa nangoja barua ya meneja ya kuthibitisha kwamba nina kazi ya kudumu, niiambatanishe na maombi ya kuwaleta mke wangu na binti yetu Njeri, aliyekuwa na miaka sita.

Ijumaa moja ya Aprili akaingia Nyambura, muuguzi tuliyesali naye. Baba yake, Mzee Gachanja, alikuwa amekuja kumtembelea. Katika ujana wake mzee huyo aliwabebea Wazungu fimbo zao za kuvulia kwenye mito ya Mlima Kenya, akawafungia vyambo, akawatolea samaki ndoanani. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kurusha hata mara moja. Sasa alitaka trauti mmoja wa mkono wake, na alikuwa na Jumamosi hiyo tu, kwa kuwa Jumatatu angepanda ndege.

"Baba Njeri, nakuachia wewe," Nyambura akasema. "Mimi hata samaki wa kopo sijui kumfungua."

Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono mfukoni. Sikuuliza mto. Sikuuliza maji. Nilimfungia samaki wa plastiki wa rangi ya chungwa, nikamwambia Mungu amtangulie mzee. Nililitaja jina la Mungu juu ya uongo ule.

Jumapili tulikutana kanisani, katika kitongoji cha Hopkins, kwenye jumba ambalo waumini wenyeji walituazima mchana. Mzee Gachanja alikuwa amevaa koti la mkwewe, mikono mirefu kupita vidole. Nikamuuliza habari za mtoni, huku nikijua. Alitoa chambo kile mfukoni, kimefungwa kwenye leso, akakiweka kiganjani mwangu.

"Nilijua hakifai nilipokifungua tu," alisema kwa upole. "Wageni wasiojua mto ndio waliokuwa wakiuziwa namna hii. Lakini nikasema, aliyenichagulia ni mtoto wetu. Labda maji ya huku ni mengine."

Alikirusha kutwa nzima, ili asiniaibishe.

Jumatatu asubuhi nilikiweka chambo hicho juu ya meza ya meneja, nikasema sitauza tena kitu hicho kwa mtu anayekwenda mtoni.

"Na hiyo barua yako," akauliza, "ataiandika nani, samaki?"

Nikahamishiwa stoo. Barua sikupata. Baridi mbili zilipita ndipo msimamizi wa kaunta alipofungua duka lake mwenyewe, akanichukua, akaiandika. Njeri alishuka ndege ana miaka minane, akanipa mkono kama anavyopewa mgeni. Mzee Gachanja alifariki kwao, hajamshika trauti.

Nilifanya kazi hiyo hadi nilipostaafu. Kila mfanyakazi mpya nilimtia mkono kwenye karai la barafu, kisha nikamwonyesha samaki yule wa chungwa. Nimemsamehe meneja mara nyingi, kwa magoti, na kila theluji inapoyeyuka hasira inarudi, nami naanza upya. Kumsamehe yule wa pili, aliyefunga chambo na kukibariki, kunanichukua muda mrefu zaidi. Sitaki vijana wasome haya wakidhani uzee humaliza mambo hayo.

Chambo kile nimekikata ndoana zote, kinaning'inia juu ya mahali ninaposali.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Bwana akubariki kazini kwako. Akupe mdomo wa kuuliza maji yana rangi gani, hata anayekulipa akiwa amesimama nyuma yako. Na atakayekuja kwako akikuamini kwa sababu kwenu ni kumoja, Mungu akujalie umpe cha shaba.