Viti vya Chumba cha Pili

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ndogo pale Matisi, msimamizi alinipa sanduku lenye kadi nyekundu na buluu. "Mtu aokote bila kuangalia, Barasa," akasema. "Wewe usimchagulie." Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne tu, nikidhani jaribio la saikolojia ni kuwauliza watu ndoto zao.

Mtafiti mkuu, mama mpole tuliyemwita Daktari, alitaka kujua kama maneno yakiimbwa hukumbukwa zaidi kuliko yakisomwa. Wenye kadi nyekundu waliimbiwa. Wenye buluu, kundi la kulinganishia, walisomewa maneno yaleyale. Mengine yote yalipaswa kufanana. Kura ndiyo iliyochanganya wazee na vijana pande zote mbili.

Kule Saboti tulipewa vyumba viwili vya kanisa. Cha kwanza, cha wimbo, kilikuwa na mabenchi yasiyo na egemeo. Cha pili kilikuwa na viti. Nyanya mmoja akaokota nyekundu, akachungulia ndani.

"Ati nikae kwa hiyo benchi na huu mgongo? Kwani wewe hukulelewa?"

Nikambadilishia kadi. Mwenzake akaona, naye akataka. Kufikia adhuhuri nyanya wote walikuwa kwenye viti, wakinibariki.

Matokeo yalipotoka, wimbo ulishinda kwa mbali. Daktari alifurahi. "Wiki ijayo nawaambia walimu wa ngumbaru kule Bungoma waache kusoma, waimbe."

Nilizunguka uwanja wa kanisa mara mbili, kisha nikarudi nikamweleza. Alifunga daftari.

"Kwa hivyo waliokumbuka walikuwa vijana," akasema. "Hatujui ni wimbo au ni umri. Kazi yote ya Saboti tunaitupa, tutairudia Bungoma."

"Mimi nirudishe sanduku, Daktari?"

"Urudishe umpe nani? Bungoma utalishika wewe. Unajua linavyoharibika."

Bungoma niliamka mapema nikaazima viti vya sherehe, nikapanga sawasawa vyumba vyote viwili. Safari hii wimbo ulishinda kidogo sana, na Daktari akaandika hivyo hivyo: kidogo sana.

Nilifanya kazi hiyo miaka mingi, hadi Cheptais, kisha nikaiacha mwaka jana. Miguu bado inaniwasha kwa hamu ya kutembea. Vijana wanaoanza huniuliza kuhusu hesabu, na hesabu siijui. Nawaambia wakague vyumba kabla watu hawajafika. Nyanya akishasimama mlangoni ameshika mgongo, mmechelewa.