Alitosha Jina, Akabeba Mashini

Hapana, hakulia. Jengo zima linaniuliza hivyo hivyo: Babu, alilia kortini? Mama Arlène hakulia. Aliyekaribia kulia ni mtu mwingine kabisa. Nitafika huko, msinikimbize.

Kwanza mjue ni nani. Jina lake la kanisani ni Marcelline, Mkongo wa Uvira, ila sisi tunamwita Mama Arlène kwa ajili ya binti yake. Ni fundi cherehani. Wao Wakongo cherehani wanaiita mashini.

Ukipita La Rochelle, mtaa wetu hapa Johannesburg, sasa hivi, saa moja asubuhi, utamkuta barazani kwa spaza, kile kiduka cha kona, pale kwenye roboti, zile taa za barabarani ambazo kila wiki zinazimika. Mlinzi mmoja katoka kazini na suruali imepasuka. Amesimama nyuma ya pazia la kitenge, miguu mitupu inaonekana.

"Mama, fanya haraka. Baridi."

"Ungekula kidogo, baba, isingepasuka."

Hivyo ndivyo anavyoongea, kichwa chini, mguu kwenye pedali. Kupunguza suruali randi arobaini, zipu sitini. Siku nzuri anapata kazi tano, sita. Siku ya mvua hapati hata moja, anashona vitambaa vya kwaya bure.

Sasa, polisi. Ilikuwa mwezi wa tano. Alikuja mmoja, peke yake, akamwambia hapa si pa kufanyia biashara. Mama Arlène akamwonyesha kibali chake. Polisi hakukisoma. Akasema ana kiu, anataka koldrinki.

Hapa Joburg kila mtu anajua, polisi akiomba soda hataki chupa. Anataka noti. Mama Arlène akaingia kwenye spaza, akatoka na Fanta ya nanasi, baridi, na mrija juu yake.

Nimemuuliza mara nyingi kama kweli hakuelewa. Anacheka tu. "Babu, aliniomba soda, nikamupa soda."

Watu kwenye foleni ya mkate walicheka, na huyo bwana akaona amechekwa. Akakibandua kile kibao cha jina kifuani, akakitia mfukoni. Halafu akabeba mashini, akaitupa ndani ya gari. Karatasi ya mali aliyochukua hakuandika. Mama Arlène akashika mlango wa gari akisema nipe karatasi, nipe karatasi. Basi ikawa kosa hilo: kumzuia polisi kufanya kazi. Akalala selo siku mbili.

Siku hamsini na moja alishona kwa mkono. Suruali moja mpaka mchana, vidole vimevimba. Wateja wengine wakahamia Turffontein, kule wana umeme na mashini mpya. Hakuwalaumu. Ila jioni alikuwa anakaa na ile pedali, maana pedali polisi aliiacha, anaifuta vumbi. Mke wangu Vestine akimwona hivyo anarudi ndani.

Kwa hiyo siku ya korti, jambo lilikuwa moja tu: mashini irudi. Akishindwa kesi, mashini imekwenda.

Tulikwenda wote. Mkalimani aliyeletwa anaitwa Selemani, Mtanzania wa Tanga, kijana msafi, tai yake imenyooka. Polisi naye alikuja, siku hiyo jina liko kifuani, linang'aa. Akasema alijitambulisha vizuri na karatasi alitoa.

Hakimu, mama mmoja mwenye miwani, akamuuliza Mama Arlène: huyu alikuonyesha jina lake?

Mama Arlène akajibu kwa Kiswahili cha kwao: "Alitosha jina yake kwanza, njo akabeba mashini."

Mimi ni Mrundi, nilikaa kambini Tanzania miaka kumi na miwili, Kiswahili cha pande zote mbili kimepita masikioni mwangu. Kwa Mkongo, njo ni ndiyo au ndipo, na kutosha ni kutoa. Anatosha viatu, anatosha sufuria motoni. Lakini Selemani wa Tanga kutosha kwake ni ile ya chai imetosha. Akageuza kwa Kiingereza, nikasikia jina, nikasikia "inaf". Kiingereza changu ni cha kuokota, ila inaf naijua, bosi wangu alikuwa anaisema kila siku tukimwaga zege.

Yaani jina lilitosha. Hakimu akaandika. Polisi akatabasamu.

Nikainuka. Askari wa mlangoni akaniambia kaa chini, Mzee. Nikakaa. Nilitaka kupiga kelele, lakini ningemharibia zaidi.

Mama Arlène hakuelewa kilichosemwa. Alichoona ni lile tabasamu. Halafu akashika beji ya kwaya ya akina mama iliyokuwa kifuani kwake, akaifungua pini taratibu, akaitia mfukoni. Akapapasa pale palipobaki patupu.

"Alitosha," akasema. "Vile."

Selemani akamtazama. "Mama, unasema alitoa? Alilibandua?"

"Njo nilisema, baba. Alitosha."

Huyo kijana alibadilika uso. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Karatasi ilishaandikwa. Akamgeukia hakimu, sauti imekauka, akasema anaomba kusahihisha, kosa ni lake, mama alisema sawasawa tangu mwanzo. Huyo ndiye aliyekaribia kulia.

Hakimu akafuta. Akamwambia polisi: kitabu cha karatasi za mali kiletwe, sasa hivi. Kilikuja baada ya saa moja. Wakafungua tarehe ile. Mama Arlène hayumo, mashini haimo. Hakimu akavua miwani, akamtazama yule bwana muda mrefu. Kesi ikafutwa, mashini irudishwe leo hii, na polisi aandikiwe barua kwa wakubwa wake. Kama ilifika, mimi sijui. Bado namwona barabarani.

Nje, Selemani alikuwa anatusubiri kwenye ngazi.

"Mama, nisamehe. Kwetu Tanga, kutosha ni kutosha."

"Na kwetu kutosha ni kutosha."

Wakatazamana, wakacheka.

"Nyinyi Watanzania munasema Kiswahili ya redio," akamwambia.

"Na nyinyi mnakichana halafu mnakishona upya."

"Njo kazi yangu, baba. Kuja Jumapili ule."

Akaja kweli, chumbani kwa Mama Arlène, mlango wa pili kutoka kwetu. Vestine alipika sombe, yaani kisamvu, dagaa wa Tanganyika wa kununua sokoni Yeoville, na ugali wa muhogo. Mashini ilikuwa pale dirishani, pedali imerudi mahali pake, na Mama Arlène hakutaka kuinuka. Alituambia mpango wake huku anashona: atafute chumba Doornfontein, kule kwenye mafundi wengine, hata kiwe kidogo, ila kiwe na mlango anaoufunga mwenyewe. Tayari amemwambia mama mmoja wa kwaya wachangie kodi.

"Mama, food is getting cold," Arlène akasema. Huyo mtoto Kiswahili anakisikia chote, kinywani kinatoka Kiingereza.

"Mushono moja."

"Ulisema hivyo mara tatu, mama," akasema Selemani, ameshanawa, mikono iko hewani.

Akakata uzi kwa meno. Akafunika mashini kwa kitenge, akanawa, akavuta kigoda katikati ya binti yake na mke wangu, akakaa. Vestine akafunua ugali, na sisi wote tukasogea.