Feni Mpya Katika Gari la Baba

Niliondoka Shirere, Kakamega, kwenda Mautuma, Lugari, kwa sababu ya kifua cha baba. Daktari alisema mzee asikae tena peke yake kwenye baridi ile ya Lugari, nasi watoto wake tukakubaliana aje kwangu. Kaka yangu alikwenda kumchukua kwa gari lake jipya, akarudi mikono mitupu. Akaenda tena, akarudishwa tena. Jibu la baba lilikuwa lile lile: "Nikitoka hapa, natoka na gari yangu."

Gari lenyewe ni dogo, la michezo, milango miwili na paa la turubai, jekundu lililopauka likawa rangi ya matofali. Alilinunua ujanani kwa Mzungu aliyekuwa akiuza shamba aende kwao. Utotoni, likinguruma kwenye kona ya kanisa, tulikuwa tunatupa majembe na kukimbia barabarani. Macho yake yalipodhoofika aliniachia mimi nilitunze kwangu, si kaka, na jambo hilo bado linanifurahisha kuliko inavyofaa. Tatizo lilikuwa hita. Feni yake ilikufa zamani, na turubai linapitisha upepo. Kumpakia humo mgonjwa wa kifua bila joto ni kumtafutia kitanda cha hospitali.

Kakamega mjini, nyuma ya soko, nilianzia kwa fundi Wekesa. Alicheka kwanza.

"Hita mtu anatumianga wapi hapa, mathee? Sisi hizo tunatoanga tu."

Hata hivyo alifungua boneti, akaichomoa feni. Ilikuwa imeshikana kwa kutu, na panya walikuwa wameijaza maganda ya mahindi. Nilipoyaona nilikaa juu ya tairi. Yalikuwa ya banda letu la Mautuma, pale marehemu mama alipokuwa akipukuchua mahindi huku akitusimanga kwa uvivu wetu, na ghafla nikatamani awepo, kama mtoto mdogo. Feni ya aina ile haipatikani tena, kwa hiyo Wekesa alitafuta ya gari lingine, akakata bati kidogo, akaifunga. Akawasha swichi. Karatasi aliyoishika mbele ya tundu la hewa ikapepea.

"Hiyo imekubali," akasema. Nikamwamini.

Asubuhi iliyofuata nilishika barabara ya Malava. Kulikuwa na ukungu, na trekta za miwa zilikuwa zimeshatoka, zikidondosha mabua kila kona. Nikawasha feni nikangoja joto. Kufika msitu wa Malava, vidole vilikuwa vimekufa ganzi: feni ilipuliza kwa nguvu zote, lakini baridi tupu. Kumbe tuliijaribu feni injini ikiwa haijapata moto, na hakuna aliyewaza zaidi ya ile karatasi.

Kaburengu nilisimama kando nikampigia Wekesa simu, na sikumbembeleza.

"Lakini feni si inazunguka?" akauliza.

"Inazunguka."

"Basi yangu iko sawa. Joto ni mambo ya maji ya injini hiyo."

Nilifikiria kugeuza. Lakini nilimjua baba: ningerudi bila yeye, asingemsikiliza mtu tena. Nikaendelea, nikaacha lami, nikaingia barabara ya vumbi katikati ya mashamba ya mahindi.

Mautuma nilimkuta uani, kavaa koti, mkoba miguuni. Alilisalimu gari kwanza, kiganja juu ya boneti, kisha mimi. Ndani, shangazi, aliyekuja kumuaga baba, alikuwa ametupikia obusuma na ingokho, ugali na kuku, akakataa katakata tuondoke bila kula. Nilipomweleza baba habari za hita, aliacha kutafuna.

"Hiyo nilifunga mimi," akasema. "Mama yako alikuwa na mimba yako. Hiyo joto ilikuwa inamtapisha. Tulisimama kila mahali mpaka Turbo. Nikafunga maji."

Tulitoka. Kando ya injini alinionyesha koki ndogo ya kupeleka maji ya moto kwenye hita, imeshika kutu. Sikuruhusiwa kuigusa. Aliipaka mafuta ya taa, akaishika kwa koleo, akaizungusha taratibu huku akikohoa, mpaka ikakubali.

Safari ya kurudi ilianza mchana. Joto lilikuja kabla hatujafika lami, na harufu ya vumbi la zamani. Baba alikaa kushoto, kiti cha mama, ambacho hakuwahi kukikalia. Kikohozi kilipungua. Nilikuwa na furaha tele, nikaanza kumtania kwamba fundi mkuu ni yeye. Hakucheka. Tulipopita Malava ndipo aliposema.

"Mama yako alikuwa anakaa hapa na blanketi kwa magoti. Kila safari."

"Nakumbuka, baba."

"Mimi nikadhani anapendanga tu hiyo blanketi. Wewe ulizaliwa, ukasoma, ukaolewa. Sikumuuliza tena kama sasa anataka joto."

Alinyoosha viganja mbele ya tundu, akaviacha hapo hadi Shirere. Nilipotaka kuzima injini akanishika mkono. "Wacha kidogo."

Sasa yuko kwangu, na kifua kinaendelea vizuri. Kila asubuhi namuuliza kama atakunywa chai ya maziwa au ya rangi. Juzi alikasirika.

"Lakini wewe si unajuanga?"

Nikamwambia ninayoijua ni ya jana. Akakisogeza kikombe karibu yangu, akaomba ya rangi.