Noti Nilizozitia Kwenye Bahasha

Ule mwezi wa bonasi ya chai, yale malipo ya mwaka ya sisi wakulima, naukumbuka, mwanangu, kwa sababu niliharibu kitu ambacho sijaweza kukirekebisha mpaka leo. Ilikuwa miaka ya tisini, hapa kwetu Nyacheki. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la tatu tu, lakini nyumba ya matofali nilijijengea mwenyewe, na sikupenda kuambiwa.

Mama yangu miguu ilikuwa imekataa. Kanisa liko mlima wa pili, na kila Sabato alikaa mlangoni akisikia wenzake wanaimba. Kumbeba mgongoni nisingeweza. Kwetu Wagusii mwanamume mzima hambebi mama yake, ni aibu kwa wote wawili, na yeye mwenyewe alikataa katakata. Basi nikamwahidi kiti cha magurudumu. Akawaambia akina mama wa kanisa, nao wakamwekea nafasi karibu na benchi la mbele.

Muhindi mmoja mwenye duka Kisii mjini aliniambia atakiagiza Nairobi, nikikalie pale dukani, nikiridhika ndipo nilipe. Bei niliiona kali. Halafu nikaona tangazo gazetini: kiti kama hicho, nusu bei, ila utume noti ndani ya bahasha upesi kabla havijaisha. Halikutaja duka wala barabara, ni sanduku la posta tu. Nikajiambia huyu Muhindi anataka kula jasho langu.

Kule posta, mama wa dirishani aliipapasa bahasha niliyotia noti zangu za bonasi. Akaniuliza kwa upole, “Baba, kuna pesa humu? Kama ziko nikuandikie mani oda, upate risiti.”

“Ni barua tu,” nikamjibu. “Wewe bandika stempu.”

Tangazo lilisema upesi, nami niliogopa kucheleweshwa. Tena, nikuambie ukweli, sikutaka kufundishwa na mwanamke mdogo kwangu.

Wiki zikapita. Kila Ijumaa mama yangu alitaka gauni lake la kanisa lifuliwe. Niliandika barua mbili, hazikujibiwa. Nikarudi posta. Yule mama wa dirishani alinikumbuka, wala hakunicheka. Alisema angenisaidia kufuatilia, lakini mimi mwenyewe nilitamka kwamba ni barua, na barua haina risiti ya pesa. Nilitoka pale nikiangalia chini. Kwa Muhindi sikurudi. Bonasi ilikuwa imekwisha, na uso wa kumwangalia sikuwa nao.

Mama aliniuliza mara moja tu, tena akitabasamu: “Hicho kiti chako kinatembea kwa miguu kutoka Nairobi?”

Nikamdanganya kwamba mvua imeharibu barabara. Alifariki kabla mvua haijakatika. Wale akina mama wakaja nyumbani kwetu, wakamwimbia vizuri sana, lakini ilikuwa siku ya kumzika.

Sasa nakuona wewe na simu yako, unanunua kitu kwa mtu usiyemjua kwa sababu picha ni nzuri na bei ni ya chini. Sikukatazi, dunia imebadilika. Lakini mwizi wa siku hizi anakuharakisha vilevile. Ukiambiwa tuma sasa hivi, ngoja. Uliza anauzia wapi, nani alishawahi kununua kwake akapata. Kama anakubali ulipe mzigo ukifika, fungua kwanza, angalia, ndipo ulipe. Ule ujumbe wa malipo usiufute. Namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akisema anapiga kutoka benki. Na akitokea anayekuuliza unatuma nini na kwa nani, mwambie ukweli, hata kama ni mdogo kwako. Mimi niliulizwa vizuri, nikadanganya, na aliyelipia si mimi.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona na moyo wa kusikia unapoonywa, na unachowaahidi wazazi wako kiwafikie wakiwa hai.